Kishikwambi Aliyengoja

Jana usiku niliota nimechelewa kazini, na mwalimu wa zamu alikuwa kishikwambi.

Kilisimama mbele ya mstari wa asubuhi, kimeegemea mlingoti wa bendera, daftari la zamu kwapani. Kwapa kimelipata wapi, sijui. Ndotoni mtu haulizi. Wanafunzi mia saba walikuwa wamenyooka kimya, jambo ambalo kwenye zamu zangu halijapata kutokea. Kikanitazama kwa kioo chake, kikasema nimechelewa dakika sita, niandike jina na sababu.

Nikaandika: Mwalimu Tupokigwe Mwasomola, Kiswahili, Darasa la Tano. Kwenye sababu nikaandika "tope". Huku kwetu Rungwe sababu hiyo hukubaliwa mwaka mzima.

Niseme ukweli, mimi na vishikwambi, hizi kompyuta bapa za mkononi, hatukuwa na mazoea. Wafadhili walituletea kumi mwaka jana, pamoja na dada mmoja mchangamfu aliyetufundisha kuvitumia kwa siku mbili. Alisema vina akili mnemba, vinamsikiliza mtoto akisoma, vinamsahihisha taratibu, na havichoki. Mimi nina miaka ishirini na miwili kazini, na nimechoka tangu mwaka wa tatu. Nikajisemea moyoni, kitu kisichochoka kitaujulia wapi ualimu? Alipoondoka nikavifungia kabatini, ufunguo nikakaa nao mimi. Na ninasema "kilisimama" na "kikasema" kwa sababu kishikwambi kiko ngeli ya KI-VI, sawa na kiti na kijiko. Mimi ndiye ninayefundisha ngeli pale shuleni. Siwezi kuiharibu lugha kwa ajili ya ndoto.

Mkobani nilikuwa na fomu ya Subilaga. Fomu hiyo si ya ndotoni tu, ilikuwepo kweli, na nilikuwa nimeijaza jana jioni kabla ya kulala.

Subilaga ni binti wa darasa langu, na jina lake kwa Kinyakyusa ni tumaini. Anaandika vizuri kuliko wengi. Lakini ana kigugumizi. Ukimsimamisha ajibu, herufi inamkwama mdomoni, hasa M, na mimi nina watoto tisini na watatu katika chumba kimoja. Mwalimu Mkuu alikuwa ameagiza fomu za watakaorudia darasa zimfikie leo kabla ya kengele ya kwanza. Basi jana, kichwa kinanigonga, mahali pa maoni ya mwalimu wa darasa nikaandika: "Kitoto hiki hakisemi. Kirudie darasa." Nikafunga kalamu, nikala maharage yangu, nikalala.

Sasa pale mstarini kishikwambi kikaninyooshea mkono, kikaomba fomu. Kikaisoma mara moja.

"Sawa," kikasema. "Kimeshawekwa mahali pake."

Nikauliza ni nini kilichowekwa. Kikasema twende darasani nikajionee.

Tunaingia darasani, na darasa limo ndani ya kabati. Ni lile lile kabati la ofisi ya walimu, ila limekuwa refu hadi mwisho wake hauonekani, na madawati yamepangwa pande mbili. Upande wa dirishani pameandikwa A-WA. Upande wa rafu pameandikwa KI-VI. Mwandiko ni wangu.

Kwa A-WA wamekaa watoto wangu, mbuzi wa Mwalimu Mkuu, na kunguni mmoja ambaye hakuna anayethubutu kumfukuza kwa kuwa sarufi iko upande wake. Mlangoni wamesimama kipofu mmoja na kiziwi mmoja wanaonyesha vitambulisho. Kishikwambi kinawapisha kwa heshima, kinaeleza kwamba hawa wana sura ya KI-VI lakini makao yao ni A-WA, na kila mwalimu analijua hilo. Kweli nalijua. Huwa nalitungia swali la mtihani kila mwaka.

Kwa KI-VI vimepangwa kiti, kikombe, kitabu, kioo, kibiriti. Na kwenye rafu ya pili, kati ya kikombe cha walimu na kibiriti, ameketi Subilaga.

Amevaa sare yake. Kwenye kola ameandikwa namba kwa rangi nyeupe, kama tunavyoandika kwenye viti vya shule ili visiibwe. Mikono ameiweka magotini, ananitazama. Halii. Ningeona nafuu kama angelia.

Roho ikaniuma, nasema kweli. Nikakiambia kishikwambi kuna makosa yamefanyika. Kikasema hakuna makosa, kimesoma maandishi yangu: kitoto, hiki, hakisemi, kirudie. Viambishi vinne, vyote vya KI-VI, vyote vimepatana. Kikanipongeza kwa upatanisho safi.

Nikaanza kujitetea. Nikaeleza kuwa hiyo ni lugha tu ya watu wazima, tunasema kitoto, kizee, kijitu, na wala hatuna maana ya kumfanya mtu kitu. Wengine husema hivyo kwa mapenzi kabisa.

"Wewe uliandika kwa mapenzi?"

"Kwa uchovu," nikasema.

"Upatanisho hauulizi uchovu," kikasema, kikaliandika na hilo daftarini.

Kesi ikapelekwa kwa Ubao. Ni ubao wetu ule ule wenye ufa kwenye kona, ila ulikuwa umevaa miwani yangu ya kusomea. Ukasema unafaa kuhukumu kwa kuwa wenyewe uko ngeli ya U-ZI na hauna ndugu upande wowote. Kisha, kabla ya lolote, ukanishukuru mbele ya wote kwa kuufuta kwa kitambaa kibichi miaka ishirini na miwili, wakati walimu wengine huufuta kwa kiganja. Ukasema hayo hayasahauliki. Nikashikwa na haya, maana mtu akikushukuru siku umekosa, shukrani inakuwa nzito kuliko karipio.

Ubao ukatangaza kwamba upande wa A-WA imebaki nafasi moja tu, dawati la nyuma, na waombaji ni wawili. Mmoja ni mtoto aliye rafuni, anayeombewa na mwalimu wake. Wa pili ni kishikwambi, ambacho kimeandika barua rasmi ya kuomba kuhama kutoka KI-VI.

"A-WA ni ya wenye uhai," ukasema Ubao. "Kishikwambi, una uhai?"

"Asilimia tisa," kikajibu.

Hakuna aliyecheka. Hata mbuzi alitulia.

Ukakiuliza kama kina akili. Kikasema kinayo, ya mnemba. Ubao ukanigeukia mimi, mtu wa lugha, nieleze mnemba ndiyo nini. Nikasema wataalamu wenyewe bado wanavutana. Kishikwambi kikasema hata chenyewe kilipewa jina hilo bila kuulizwa, na kwamba hoja yake haikuwa akili. Hoja yake ilikuwa siku ya pili ya mafunzo.

Siku hiyo, kikasema, walimu walikwenda kunywa chai. Mtoto mmoja akaingia ofisini kuchukua chaki, akakikuta kimewaka mezani, na kwenye kioo pameandikwa "Soma". Akatazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Akaanza kusoma. Sentensi ya kwanza ilianza na herufi M.

"Chai yenu ilichukua dakika ishirini," kikasema. "Yeye alisoma sentensi mbili. Mimi nilingoja."

"Ni hayo tu?" ukauliza Ubao.

"Kitu hakingoji, mheshimiwa. Kitu kinakaa tu. Mimi nilingoja."

Nikamwangalia Subilaga, naye akaangalia magoti yake, nikajua ni kweli. Miaka miwili namfundisha mtoto yule na sijapata kusikia sentensi zake mbili zikifuatana. Mashine ilizisikia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Ubao ukaniuliza mimi huwa namngoja kiasi gani. Kabla sijafumbua mdomo, darasa zima likajibu kwa sauti ya wimbo: moja, mbili, tatu, mwenzio akusaidie. Ndiyo desturi yangu hiyo. Nilidhani ni huruma, mtoto asiaibike.

Mashahidi wakaitwa. Moja, Mbili na Tatu wakaingia wanahema, jasho linawachuruzika. Moja akalalamika kwamba hajawahi kutamkwa hadi mwisho wake. Mbili akaonyesha visigino vyake, vimechubuka kwa kukanyagwa na Tatu. Tatu naye akasema si kosa lake, kila akifika anakuta yule "mwenzio" ameshasimama na jibu. Ubao ukauliza, na Nne je? Wakasema Nne yupo, yuko nje kwenye benchi, anangoja kuitwa tangu mwalimu huyu aajiriwe.

Akaitwa. Nne alikuwa mzee nadhifu sana, suti yake bado ina karatasi ya dukani mkononi, na kwanza alidhani wamemwita kwa makosa. Alipohakikishiwa ni yeye, akaja hadi kwangu, akanipa mkono, akanishukuru kwa kumkumbuka. Nikasema karibu, baba. Sikujua niyaweke wapi macho yangu.

Ndipo Ubao ukatoa uamuzi. Sentensi iliyoandikwa hufutwa kwa sentensi. Subilaga asahihishe ile yangu, aseme iliyo sahihi kwa mdomo wake. Akimaliza kabla ya kengele ya kwanza, nafasi ya A-WA ni yake. Kengele ikimkuta katikati, maandishi yanasimama, yeye anabaki rafuni na kishikwambi kinachukua dawati. Mimi ningoje nimesimama, nisihesabu, wala nisimmalizie neno.

Nikauliza nani anayepiga kengele.

"Mwalimu wa zamu," ukasema Ubao. Kishikwambi kilikuwa tayari kimeshika nyundo.

Jibu nililijua. Jibu ni "Mtoto huyu anasema." Linaanza na M.

"Subilaga, mama," nikasema, "sahihisha sentensi."

Anasimama kwenye rafu, na rafu iko katikati ya shamba la chai. Madawati yamekaa kwenye mistari ya michai, Ubao umeegemea mti wa umeme, lile rimu la gari tunalolipiga kama kengele linaning'inia mawinguni. Hakuna anayeshangaa. Subilaga anafumba midomo, anaanza.

"Mmm," anasema.

Nne anapita mbele yangu, ananivulia kofia. Tano anapita. Sita na Saba wanapita wanaongea mambo yao. Watoto hawacheki. Ishirini anapita na baiskeli. M inaendelea, inatambaa chini ya michai, umande unatikisika kwenye majani.

Wachumaji wanakuja na vikapu mgongoni. Wanachuma pembeni yangu, wananiomba niinue mguu kidogo, nainua, wanashukuru, wanaendelea. Chai inachipua tena, inachumwa tena. Mia anapita na familia yake yote. Mvua inaninyeshea upande mmoja. Miguu inavimba, viatu vinaniomba ruhusa vikapumzike, naviruhusu, vinaondoka vyenyewe kwa mstari. Mimi nimesimama.

Ulimi unaniwasha. "Toto" iko pale pale nyuma ya meno yangu, nikiitoa tu mtoto anapumzika, tunamaliza, kila mtu anakwenda nyumbani. Naung'ata ulimi. Na katika kuung'ata ndipo namtazama Subilaga usoni kwa mara ya kwanza wakati anatafuta neno. Miaka miwili nilikuwa naangalia saa. Kumbe pale usoni hapakuwa na woga wala ujinga. Mtoto alikuwa anafanya kazi, kazi ngumu, kama mtu anayepandisha pipa mlimani, na mimi kila siku nilikuwa namnyang'anya pipa hatua mbili kabla ya kileleni.

Nikageuka kuangalia kishikwambi. Kioo chake kilionyesha saa mbili kamili, na chini yake chaji, asilimia mbili.

"Mwalimu," kikaniita. "Kengele ya kwanza ni saa ngapi?"

Nilitaka kudanganya. Nilitaka sana. "Saa mbili kamili," nikasema.

"Ndivyo inavyoonyesha hata kwangu." Kikaiangalia nyundo, kikaliangalia dawati tupu la A-WA, kikamwangalia mtoto. "Nikipiga, nahama. Nisipopiga, nazimika. Lakini bado anasoma, na mimi sikufundishwa kumkatiza anayesoma."

Kikaiweka nyundo chini. Asilimia moja.

"Endelea, Subilaga," kikasema. "Nipo."

"Mmmtoto," akasema Subilaga.

Likatoka zima. Kisha, taratibu, bila kuhangaika sana, "Huyu." Kisha akavuta pumzi. "A-anasema."

Hakuna aliyepiga makofi. Ubao ukajifuta wenyewe, maneno yangu yakaanguka chini yakawa vumbi. Ile namba ya kwenye kola ikabanduka kama ganda la kidonda kilichopona. Subilaga akashuka rafuni, akapita katikati ya madawati hadi lile la nyuma, akakaa, akapanga sketi yake. Msichana aliyekuwa jirani akamsogelea akamwazima rula, bila sababu yoyote.

Kishikwambi kilikuwa giza. Nikakiokota kwenye majani. Ndani ya kioo niliona uso wangu tu, umelowa mvua, pengine na machozi, sikuwa na njia ya kutofautisha. Nikasema asante. Nikaona haitoshi, maana nilikuwa nimekifungia kabatini mwaka mzima, nacho kilikuwa kimesikia kwa mwanafunzi wangu kile nilicholipwa mimi kukisikia. Nikaligeukia darasa, nikasimama wima kama siku ya ukaguzi.

"Andikeni," nikasema. "Kishikwambi amezimika. Alimngoja mtoto hadi akazimika."

Wakaandika wote. Nikasubiri mtu ainue mkono anisahihishe. Hakuna aliyeinua, na Ubao ukaiweka sentensi ile juu kabisa, kwa herufi kubwa, chini yake ukapiga mstari.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mvua ilikuwa inagonga bati, chumba ni kile kile, na fomu iko mezani nilipoiacha, na maneno yangu yamo vile vile, hakuna vumbi wala nini. Nikajiambia, Tupokigwe, ni yale maharage. Hata hivyo nikajikuta nashukuru. Nilimshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeandika kwa kalamu tu, na kalamu ina dawa. Nikayakata yale maneno kwa mstari mmoja, juu yake nikaandika: "Mtoto huyu anasema. Apande darasa. Mwalimu wake apewe muda wa kujifunza kungoja." Nikatia sahihi. Nikautafuta na ufunguo wa kabati nikautumbukiza mkobani, maana kuna kumi mle ndani wana njaa ya umeme.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Subilaga na chupa ya maziwa. Bibi yake ana ng'ombe, na nusu lita yangu huletwa na yeye kabla ya shule. Akasimama barazani, mfuko wa plastiki kichwani kujikinga na mvua, akaanza kuniamkia.

"Shi," akasema. "Shi."

Niwaambie aibu yangu. Kwa miaka miwili nilikuwa namwitikia marahaba kwenye hiyo shi. Nilikuwa napokea heshima yake nusu, kisha nafunga mlango. Na asubuhi hii marahaba ilikuwa imeshafika mdomoni, kwa mazoea. Nikaimeza. Nikasimama mlangoni kimya, mvua inaingia hadi kwenye zulia, nikamtazama usoni.

"Shi-shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Marahaba sana."

Nikapokea maziwa. Akatabasamu kidogo, akageuka, akashuka ngazi mbili kwenda zake. Halafu akasimama pale mvuani, akanigeukia, akaitazama miguu yangu, mimi niliyelala usiku kucha kama gogo.

Midomo akaifumba. Safari hii pia nilingoja.

"Mmmwalimu," akasema. "Pole na kusimama."

Nikamwambia nimeshapoa.